Mwenye Kiko Haharakishwi

Watu wa Noonkopir wakikuambia kwamba Sorovea ni mzee wa hekima, waulize walimsikia akisema nini. Utawaona wanavyokuna kichwa. Watakueleza alivyokaa, alivyoshika kiko chake, alivyotazama mbali kabla ya kujibu. Jibu lenyewe hakuna anayelikumbuka, kwa sababu mara nyingi halikuja. Mimi nilikaa barazani kwake Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miezi saba, na ninaandika haya nikiwa na hasira. Bado yuko hai, na nashukuru, maana angekuwa amekufa ningelazimika kumsifu.

Alizaliwa wapi na ni wa mlango gani, sitasema, na sidhani kama inasaidia. Alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, na hilo latosha. Hata watoto wadogo walimwita Sorovea, kwa jina la kazi yake kwa Kizungu. Mimi aliniita Daktari, ingawa mimi si daktari wa kitu chochote. Nina duka la dawa za mifugo Kitengela mjini, nauza dawa za minyoo na za kupe, na kwetu anayeuza sindano ya ng'ombe huitwa hivyo.

Nilimwendea kwa sababu ya njia. Ranchi ya pamoja ilipogawanywa, zamani kabla sijafungua duka, ni yeye aliyeipima. Wazee walikubaliana iachwe njia pana ya mifugo kati ya mashamba, kutoka uwandani hadi mtoni, na mama yangu akapita hapo na ng'ombe wake miaka nenda miaka rudi. Kisha shamba la pembeni likauzwa. Likajengwa ukuta wa mawe wenye nyaya za umeme juu, na ndani nyumba za rangi moja. Mama alipouliza njia imeenda wapi, alionyeshwa ramani, na kwenye ramani hakukuwa na njia. Tangu siku hiyo ng'ombe wake huzunguka kwa barabara ya lami, pamoja na malori ya saruji, ndipo wafike majini. Mtamba wetu mmoja aligongwa akiwa na mimba. Mama alikaa naye kando ya barabara hadi akakata roho.

Tulipeleka malalamiko yetu kwenye baraza la ardhi, Kajiado. Tulihitaji mtu mmoja tu wa kusema kwamba njia ilikuwepo, naye ni yule aliyeipima.

Sasa, lazima uelewe jambo moja la kwetu. Mzee akiwa na tumbaku mkononi haharakishwi. Awe anagonga kopo la ugoro au anatafuna, unangoja amalize, ndipo useme lililokuleta. Ukimkatiza, watu hawatakusema wewe, watamsema aliyekulea. Mama yangu alinifunza hivyo, nami nikaibeba adabu hiyo hadi barazani kwa mtu ambaye hakuwa wa kwetu, lakini aliyeijua desturi yetu kutushinda.

Siku ya kwanza nilimkuta na viko viwili mezani juu ya kitambaa.

"Mzee, habari ya leo?"

"Nzuri, Daktari. Kaa. Hii ilifanya kazi jana, leo inalala. Ile ingine ndiyo ya leo. Kiko ikivutwa kila siku inakuwa na maji ndani, inakuwa chungu. Lazima ipumzike."

"Mzee, nilikuja juu ya ile njia ya ng'ombe."

"Tutaongea," akasema, akafungua kopo la tumbaku.

Nikangoja. Alichukua tumbaku kidogo akaidondosha ndani bila kuibonyeza. Akaongeza nyingine, akaigusa kwa kidole. Ya tatu akaishindilia kwa msumari wa inchi sita aliousugua kichwa chake hadi kikang'aa. "Ya chini ilale, ya katikati ikae, ya juu isimame," akasema. Akavuta kabla ya kuwasha, kusikiliza kama hewa inapita. Kisha akawasha njiti, akauzungusha moto juu ya tumbaku, tumbaku ikavimba na kuzimika. Nilidhani ameshindwa. "Huo ni moto wa kubisha hodi," akasema. Akashindilia tena kidogo, akawasha mara ya pili, na hapo ndipo ikashika. Kwa wakati huo mkewe alikuwa ameleta chai, jirani alikuwa amekuja kuazima toroli, na mimi nilikuwa nimesahau nilianzaje kuuliza.

Hivyo ndivyo miezi saba ilivyoliwa.

Na mimi nikajifunza kuvuta. Lisemwe wazi, nisijifanye mtakatifu. Wiki ya tatu au ya nne alinipa kiko kidogo kipya, akaniambia mtu akikaa na mvutaji bila kuvuta anakula moshi wa bure. Nilivuta kwa pupa kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Ulimi uliungua, kichwa kikazunguka, nikatapika nyuma ya tangi la maji huku mkewe akinishika mgongo. Yeye alicheka hadi akakohoa.

"Moshi ni wa mdomo, Daktari, si wa kifua. Na usikimbize. Ukikimbiza moto unakuuma ulimi."

Alinifunza kujaza kiko kipya nusu tu kwa siku za mwanzo, ili ndani kijijengee ukoko. Ndiyo, ukoko, kama wa sufuria ya wali, ila huu hauliwi. Ukiwa mwembamba, ubao unaungua. Ukiwa mnene, kiko kinapasuka. Unauacha ufike unene wa sarafu, kisha unaukwangua kwa kisu butu. Hukigongi kiko kwenye jiwe kumwaga majivu, unakigonga kwenye kiganja. Huchomoi mrija kikiwa na moto, maana shingo itapanuka na mrija utalegea au kukwama. Ukimaliza, unapitisha unyoya wa kanga ndani ya mrija kutoa mate na masizi, na mara moja moja unaulowesha unyoya huo kwa spiriti. Yote hayo nimeyashika. Hata leo jioni nikifunga duka navuta kidogo nyuma, wateja wananisema, mwanamke mzima na kiko, na naona raha yake. Hilo nalo linaniudhi. Alinipa kitu kizuri mahali pa kile nilichoomba, na kwa muda mrefu nikafikiri nimepewa.

Mtu asidhani Sorovea alikuwa mchoyo au katili. Afadhali angekuwa hivyo, ningemchukia kwa raha. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetoa pikapu kuleta mwili kutoka hospitali, na hakutaka hata kuwekewa mafuta. Majirani wakigombania mpaka wa choo au wa ua, aliwapimia bure, akapiga goti kwenye matope na suti yake ya kanisani. Mbwa wake alipokufa aliacha kula siku mbili. Alikuwa na huruma kweli, mradi huruma hiyo isimtake aseme, "Hapa nilikosea."

Kukosea ndiko alikoogopa. Sijaona mtu aliyetaka vitu vinyooke kama yeye. Viti vya barazani vilipangwa kwa uzi. Mchungaji akikosea tarehe ya harambee, Sorovea alisimama katikati ya ibada kumsahihisha. Alihesabu hatua za kutoka kwake hadi kwenye duka la mkate, na akikutana nawe njiani hakusalimu mpaka afike hesabu ya mwisho. "Ardhi haidanganyi, Daktari," alipenda kusema. "Mtu ndiye anadanganya. Mimi niko na miguu inajua kuhesabu." Nilikuwa nalipenda neno hilo. Niliwahi kumwambia mteja mmoja kutoka Kiserian, kana kwamba ni langu.

Mkewe sijui nimseme vipi. Mama yule aliamka alfajiri kukamua, akafua, akapika, akaleta chai kila mgeni alipoketi, akapeleka majivu ya kiko shambani, akarudi kufagia tumbaku iliyodondoka. Siku moja alisimama mlangoni ameshika kiuno, mgongo umemkamata. Sorovea alikuwa akinieleza kwa upole mkubwa kwamba kiko lazima kipewe siku yake ya kulala.

"Na mimi yangu ni lini?" mkewe akauliza.

Alisema kwa kucheka. Sorovea akaguguna mrija, akatazama mbali, akaanza kushindilia tumbaku. Mkewe akangoja kidogo, akarudi jikoni. Nilikuwa pale, niliona kwa macho yangu, na bado sikuelewa kitu.

Tena alinieleza mwenyewe! Ilikuwa mwezi wangu wa tano pale. Alikuwa amechangamka, anasimulia zamani, mikutano ya kugawa ranchi, wazee mia wamekaa chini na kila mmoja ana swali.

"Swali ikiwa ngumu," akasema, "mimi natoa kiko. Najaza pole pole. Hakuna mzee wa huku anaweza kunikatiza, si unajua heshima yenu. Nikimaliza kuwasha, mtu ashauliza ingine. Hata huyo wa kwanza ashasahau." Akapiga paja. "Kiko imeniokoa mara nyingi, Daktari."

Nami nikacheka. Nilicheka naye, nimeshika kiko changu mkononi, mwezi wa tano wa kungoja jibu, na mama yangu wakati huohuo yuko barabarani anapungia malori kitambaa yapunguze mwendo. Siwezi kujisamehe kicheko hicho.

Siku ya kusikilizwa tulifika Kajiado mapema. Mama alivaa shuka yake mpya na shanga za sherehe. Sorovea alikuja kama alivyoahidi, suti imepigwa pasi, na mama alipomwona alinibana mkono kwa furaha. Chumba kilikuwa kidogo, wazee watatu mezani na karani mmoja. Mama akaeleza yake kwa Kimaasai, nikatafsiri. Kisha mwenyekiti, mzee mwenye mvi na adabu, akamgeukia mpimaji.

"Mzee wangu, wewe ndiye ulipima. Hiyo njia ilikuwepo ama haikuwepo?"

Sorovea akaingiza mkono mfukoni akatoa kiko. Hakukiwasha, hakuruhusiwa mle ndani. Alichomoa mrija, akatoa unyoya, akaanza kusafisha. Unyoya ukaingia, ukatoka, akaufuta kwa kitambaa, ukaingia tena. Na wale wazee wote watatu wakanyamaza, macho chini, wakimngoja. Karani akaweka kalamu. Kiko kile kilikuwa safi. Nilikisafisha mimi mwenyewe Jumamosi iliyotangulia.

Nilitaka kusimama. Mama akaweka mkono juu ya goti langu.

"Yeyo," nikamnong'oneza mama kwa lugha yetu, "huyu hasafishi kitu."

"Mwache mzee," akasema.

Sorovea akarudisha mrija mahali pake. "Miaka imekuwa mingi," akasema. "Sikumbuki."

Basi. Mwenyekiti alisikitika kweli, nilimwona. Akasema ramani ndiyo iliyopo, na bila neno la mpimaji hawana pa kushika, ila tukipata ushahidi mwingine turudi. Nje, Sorovea alimpa mama mkono wa kwaheri, na mama akaupokea kwa mikono miwili. Akamshukuru kwa kuja. Nilikwenda nyuma ya gari nikapiga gurudumu teke hadi kidole kikavimba.

Sikukanyaga tena kwake. Nikimwona sokoni nilivuka barabara. Watu wakaniuliza nimegombana na mzee kwa nini, nikawaambia waulize kiko chake.

Kisha asubuhi moja mkewe akanipigia simu. "Mzee anakuita. Amekuwa mgonjwa. Tafadhali, mwanangu." Kwa ajili yake nikaenda.

Nilimkuta amekonda, amevaa sweta juu ya pajama, mikono inatetemeka. Alikuwa amechomoa mrija wa kiko kikiwa bado na moto, yeye aliyenikataza, kisha akaurudisha kwa nguvu na sasa umekwama. Alitaka niuchomoe. Nikakaa. Nikauzungusha pole pole hadi ukaachia, nikampa. Ndipo akasema, bila mimi kumuuliza, akitazama meza.

"Njia ilikuwa, Daktari."

Nikavuta kiti karibu.

"Nilikosea huko juu. Nilipima mara mbili, laini zikakataa kufunga, mwisho hairudi pale nilianzia. Nilikuwa nimepoteza hatua kadhaa kwa shamba la juu, na kazi ilikuwa inatakiwa. Kurudia ilikuwa ni aibu. Kila mtu angejua Sorovea ameshindwa. Sasa nikazitoa kwa njia. Nikaifunga kwa ramani. Nikasema, wafugaji watapita tu, nani atawazuia kwa uwanda wazi?" Akashusha pumzi. "Hakuna mtu alinipa kitu. Nataka ujue hiyo. Sasa nimesema, roho yangu imetulia."

Ningekuta alihongwa ningeelewa. Watu wanahongwa. Lakini mtamba wetu alikufa barabarani ili mtu mmoja asionekane amekosea hesabu. Na sasa ametulia!

"Roho yako, mzee," nikamwambia. "Ng'ombe hawanywi roho yako."

"Daktari..."

"Umeniambia mimi, hapa, hakuna mtu anasikia. Amka. Tunaenda kumwambia mama yangu mwenyewe."

"Mimi ni mgonjwa."

"Ameenda Kajiado kukusikiliza, na yeye pia ni mzee. Amka."

Nilifikiri mkewe atanizuia. Alileta viatu, akapiga goti, akamvisha, akafunga kamba. "Nenda," akamwambia, akarudi ndani.

Tulimkuta mama karibu na ukuta, ng'ombe wamejipanga pembeni mwa lami kungoja nafasi ya kuvuka. Askari wa geti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilimteremsha Sorovea kwenye gari, akashika mlango kusimama. Mama akaja, akashangaa, akamsalimu kwa heshima ileile.

"Mzee ana neno lako, Yeyo."

Sorovea akamtazama mama. Akatazama ng'ombe. Kisha mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na kiko, na mkono wa pili ukaanza kutafuta tumbaku. Mama akajishikiza kwenye fimbo yake, akainamisha macho, kama alivyofunzwa tangu utotoni, akaanza kungoja. Lori likapita. Tumbaku ikadondoka kwenye kokoto. Akachota nyingine. Nilifungua kinywa, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Wacha hiyo," mama akasema.

Sikuwahi kumsikia akimkatiza mzee. Alisema kwa Kiswahili chake kidogo, ili kila mtu asikie, askari naye.

"Wacha hiyo moshi. Njia ilikuwa wapi?"

Sorovea akabaki na kiko mkononi. "Hapa, mama," akasema. "Ilikuwa hapa."

"Hapa ni kubwa. Tembea. Onyesha."

Nikawasha simu, nikaanza kurekodi. Askari akainuka kitini. Mzee akaenda hadi kwenye kalavati la maji chini ya lami, akasukuma majani kwa kiatu, na chini yake kulikuwa na jiwe la mpaka lenye alama ya msumari, tulilolipita miaka yote bila kuliona. Akaligusa kwa kidole cha mguu. Akageuka, akanyoosha mgongo, na akaanza kutembea kando ya ukuta, midomo ikihesabu, magonjwa yote yamemtoka miguuni. Alilipita bango la nyumba zinazouzwa, akakata mbele ya geti lenyewe, hakupunguza wala hakuongeza. Kwenye hatua ya ishirini na nne alisimama, akachimba changarawe kwa kisigino, mara moja, mara mbili, hadi kikagonga jiwe la pili, la ukingo wa pili wa njia.

Hakuwa amesahau hata hatua moja.